Uvimbe wa pituitari: mume wangu ameze vidonge au apasuliwe kupitia puani?

SWALI

Wataalamu wa safu hii, habari za kazi.

Naandika kutoka Morogoro. Mume wangu ana miaka 47, ni dereva wa lori, safari zake ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Mwaka jana alianza kulalamika kichwa, hasa kwenye paji la uso na nyuma ya macho. Tukanunua miwani, haikusaidia, tukanunua nyingine. Kisha akaanza kuparuza lori, leo kioo cha kushoto, wiki nyingine ubavu wa kulia. Bosi akadhani anakunywa. Nyumbani anagonga fremu ya mlango kwa bega, na mtoto akimjia kwa pembeni hamwoni mpaka aongee.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki ya macho Dar. Walimpima upana wa kuona, wakasema macho yote mawili yamepoteza upande wa nje, wakaagiza MRI. Majibu yanasema ana uvimbe wa tezi ya pituitari, milimita 28 kwenda juu, na umeisukuma sehemu ambapo mishipa ya macho inakutana. Kwenye damu, prolaktini ni nanogramu 62 kwa mililita. T4 iko chini, TSH wameandika ni ya kawaida. Nimewatumia picha za karatasi zote.

Daktari wa kwanza alimwandikia kabagolini kwa miezi 3, akasema itapunguza uvimbe. Hospitali nyingine wamempa thairoksini mikrogramu 100 kila asubuhi, na wanasema uvimbe utolewe kwa upasuaji wa kupitia puani. Thairoksini ameianza siku 9 zilizopita. Tangu hapo amezidi kulegea. Akisimama anaona giza, chakula kinamchefua, juzi ametapika mara mbili, anashinda kitandani.

Mama mkwe amekataa upasuaji. Anasema pua ikitobolewa ubongo utavuja na mwanawe atakuwa mwehu. Shemeji anataka tuuze kiwanja twende India. Wengine wanasema hili si la hospitali, kwa sababu, naomba radhi kuliandika, mambo ya chumbani yamekufa zaidi ya mwaka sasa, na hata ndevu hazioti kama zamani. Wanasema ni mkono wa mtu.

Naombeni mniambie: vidonge au kisu? Huo upasuaji wa puani ukoje hasa, na niulize nini kabla ya kusaini? Akirudi nyumbani nimtunzeje? Na je, ataendesha tena?

Mama Rehema, Morogoro

JIBU

Mama Rehema, pole sana kwa kuuguza. Sehemu ya kwanza ya jibu hili ulikwisha kuipata kwa simu siku barua yako ilipotufikia, maana isingeweza kungoja kuchapishwa. Tunairudia hapa kwa ajili ya wengine wenye karatasi zinazofanana na zako.

Kulegea kwa mumeo ndani ya siku hizo 9 hakuelekei kuwa uvimbe uliokua. Kunaelekea zaidi kuwa ni mpangilio wa dawa. Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma ya pua, chini ya ubongo, na ndiyo inayoziagiza tezi nyingine: thairoidi ya shingoni, tezi zilizo juu ya figo, na korodani. Uvimbe wa milimita 28 ukiibana, maagizo yanapungua. Ndiyo maana T4 ya mumeo, ambayo ni homoni ya thairoidi, iko chini huku TSH, homoni inayoiagiza thairoidi, ikionekana nzuri. TSH hutengenezwa na pituitari yenyewe, na tezi iliyobanwa haiwezi kuipandisha hata mwili ukiwa na shida nayo. Kwa mgonjwa wa pituitari, TSH peke yake haisemi kitu. T4 ndiyo ya kutazamwa.

Aliyempa thairoksini, yaani T4 ya kidonge, aliona sawasawa kwamba homoni hiyo imepungua. Kilichorukwa ni kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, ambayo inashikilia presha na sukari na kumwezesha mtu kustahimili ugonjwa. Kwenye karatasi ulizotuma haimo. Thairoksini huongeza kasi ya mwili kuimaliza kotisoli. Mtu mwenye akiba ndogo akianzishiwa thairoksini kwanza, akiba inakwisha, presha inashuka, sodiamu (chumvi ya damu) na sukari zinashuka, anatapika, na anaweza kufa. Haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, hutangulia; thairoksini hufuata. Katika upungufu wa pituitari hakuna kanuni nyepesi kuisahau na nzito kwa madhara kama hiyo.

Mgonjwa wa namna hii afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Apimwe presha, sukari, sodiamu na potasiamu. Damu ya kotisoli ichotwe kama kuchota hakumcheleweshi, kisha apewe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa au kwenye msuli pamoja na dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, bila kungoja majibu ya maabara. Baadaye hupewa miligramu 50 kila baada ya saa 6 mpaka atulie, ndipo ahamie kwenye vidonge. Daktari ataamua kuisimamisha thairoksini kwa siku hizo na lini irudi. Mlangoni usiseme tu kwamba anatapika na amelegea, kwa sababu mtaanza na malaria na taifodi na saa zitapita. Sema: ana uvimbe wa pituitari, hajawahi kupimwa kotisoli, na ameanzishiwa thairoksini.

Kwa mgonjwa ambaye bado hana dalili kali, kotisoli hupimwa saa 2 asubuhi. Ikiwa chini ya mikrogramu 3 kwa desilita, sawa na nanomoli 83 kwa lita, upungufu upo. Ikivuka 15, kwa kawaida inatosha. Katikati ya hapo hufanyika kipimo cha kuichochea tezi kwa sindano. Mweleze daktari kila dawa ya steroidi aliyotumia karibuni, hata sindano ya goti au krimu ya kung'arisha ngozi, maana hizo nazo hushusha kotisoli.

Jambo jingine la haraka, ambalo tunaomba familia nzima ilijue: maumivu makali ya kichwa yanayokuja kwa ghafla, pamoja na kutapika, macho kufifia au kope moja kuanguka. Hapo uvimbe unaweza kuwa umevuja damu ndani yake. Ni dharura ya usiku uleule, na haidrokotisoni hutolewa kwanza hata kabla ya picha.

Sasa vidonge au kisu. Madaktari wawili wanaonekana wamepingana, lakini kila mmoja ana ugonjwa wake akilini. Uvimbe wa pituitari unaotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa, hutibiwa kwa vidonge hata ukiwa mkubwa na hata ukiwa umegusa macho. Kabagolini, mara nyingi kuanzia robo au nusu miligramu mara mbili kwa wiki, huupunguza uvimbe huo, na wapo wanaoanza kuona vizuri ndani ya siku chache. Kumpasua mgonjwa wa aina hiyo kabla ya kujaribu vidonge ni kumwonea. Lakini uvimbe wa milimita 28 unaotengeneza prolaktini kwa kawaida hutoa kiwango kinachovuka 250, na mara nyingi ni maelfu. Nanogramu 62 ni kidogo mno kwa ukubwa huo. Kiwango kama hicho hutokea uvimbe usiotengeneza homoni yoyote unapobana kikonyo kinachounganisha ubongo na tezi. Ubongo huizuia prolaktini kupitia kikonyo hicho. Kikibanwa, kizuizi kinalegea na prolaktini inapanda kidogo. Uvimbe wa aina hii hauitikii kabagolini kwa kiasi cha kuokoa macho, na miezi 3 ya kungoja ni miezi 3 ya mishipa ya macho kuendelea kufa.

Kuna mtego mmoja wa maabara ambao lazima uondolewe kwanza. Prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi, baadhi ya mashine huzidiwa na kutoa namba ndogo ya uongo. Kwa hiyo omba sampuli ipimwe tena baada ya kuzimuliwa mara 100. Ikirudi 62 au karibu na hapo, mtu anayehitajika ni daktari wa upasuaji. Ikirudi katika maelfu, rudi kwenye vidonge. Angalieni pia kama alikuwa amepewa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, au dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Zote hupandisha prolaktini. Na kama maabara nyingine itatoa majibu kwa vipimo vya kimataifa, mIU kwa lita, usishtuke: gawa kwa 21 upate nanogramu kwa mililita.

Kabla ya kisu iongezwe IGF-1 kwa ajili ya homoni ya ukuaji, hasa kama pete imembana au namba ya viatu imepanda, na testosteroni ya asubuhi pamoja na LH na FSH, homoni za pituitari zinazoziagiza korodani. Tunatarajia testosteroni ya mumeo iwe chini sana. Hamu inayokufa, ndevu zinazokoma na nguvu inayopotea ni kazi ya uvimbe huohuo unaomgongesha kwenye fremu za milango. Hakuna mkono wa mtu hapo, na wala hajakuchoka wewe. Testosteroni inaweza kurudishwa kwa sindano au jeli ikiwa tezi haitaamka yenyewe, ila ni ya mwisho kwenye foleni, baada ya kotisoli, thairoidi na upasuaji wenyewe.

MRI mliyoleta ni ya ubongo mzima, yenye vipande vinene. Kwa upasuaji inatakiwa MRI ya pituitari yenyewe, vipande vya milimita 2 hadi 3, kwa mbele na kwa ubavu, kabla na baada ya sindano ya kung'arisha picha. Kipimo cha figo kitangulie sindano hiyo. Inatakiwa pia picha ya CT ya mifupa ya pua, kwa sababu vijiukuta vya mfupa vilivyo kwenye njia ya kisu mara nyingine vimeshikana na mishipa mikuu ya damu, na anayevivunja bila kujua anaweza kuichana. Kwa upande wa macho, mbali na upana wa kuona, omba kipimo cha OCT kinachopima unene wa nyuzi za mshipa wa jicho. Nyuzi zikiwa bado nene, matumaini ya kuona kurudi ni makubwa. Zikiwa zimekonda, upasuaji utalinda kilichobaki zaidi ya kurudisha kilichopotea. Ni haki yenu kulijua hili kabla, si baada.

Tuje kwa mama mkwe, ambaye hofu yake inastahili jibu kamili. Pituitari iko chini ya ubongo, kwa hiyo anayeifuata kupitia puani haukati ubongo hata kidogo. Mgonjwa hupewa nusu kaputi na mpira wa kupumulia kinywani. Daktari wa masikio, pua na koo huweka puani vipamba vyenye adrenalini ili mishipa midogo ya damu inywee, husogeza nyama za pembeni, kisha huingiza kamera yenye unene wa milimita 4. Anaondoa kipande cha nyuma cha ukuta unaogawa pua na kufungua chumba cha hewa kiitwacho sfenoidi. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho ndio sakafu ya kishimo cha pituitari. Hapo daktari wa upasuaji wa ubongo hujiunga naye, mmoja ameshika kamera, mwingine vyombo viwili. Mfupa mwembamba husagwa kwa drili. Kulia na kushoto, umbali wa milimita chache tu, hupita mishipa ya karotidi inayopeleka damu kwenye ubongo. Husikilizwa kwa dopla, kifaa kidogo cha kusikiliza damu inavyopita, kabla ya utando kukatwa.

Uvimbe mwingi wa aina hii ni laini, hutolewa vipande vipande kwa vijiko vidogo vya duara na kwa kifyonzi. Mpangilio una maana yake: huanzwa chini, kisha pembeni, na sehemu ya juu huachwa mwisho. Juu ikitolewa mapema, utando unaozuia maji ya ubongo hushuka na kuficha kilichobaki pembeni. Daktari anayemwaga uvimbe haraka kutoka katikati huacha mabaki ambayo angeweza kuyatoa. Kwa kawaida kazi yote huchukua saa 2 hadi 4.

Mwisho huangaliwa kama maji ya ubongo yanavuja. Hili ndilo lenye ukweli katika hofu ya mama mkwe, ila kinachoweza kuvuja ni maji yanayouzunguka ubongo, si ubongo, na uvujaji hauleti wehu. Tundu dogo huzibwa kwa mafuta yanayochukuliwa tumboni. Msishangae kuona kidonda kidogo karibu na kitovu. Tundu kubwa huzibwa kwa utando wa paja na kufunikwa kwa ngozi laini ya ndani ya pua iliyoachwa na mshipa wake wa damu, ili ipone upesi. Hatari ya kuchanika kwa karotidi ni chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 mikononi mwa wazoefu, lakini ikitokea inaweza kuua, na ndiyo sababu uzoefu wa timu una uzito kuliko uzuri wa jengo. Uvimbe uliotambaa mbali pembeni, au uliozingira mishipa ya damu kwa juu, huenda ukahitaji kufungua fuvu. Kwa maelezo ya MRI yenu, wa mumeo umepanda juu moja kwa moja, hali inayofaa njia ya pua.

Kuhusu kiwanja: msikiuze bado. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo kituo cha taifa cha upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na mwanzo mzuri ni rufaa ya huko. Popote mtakapokwenda, Dar au India, ulizeni maswali haya bila haya. Timu hii hufanya upasuaji wa pituitari mara ngapi kwa mwaka? Daktari wa pua atakuwepo chumbani tangu mwanzo hadi mwisho? Ni nani, kwa jina, atakayesimamia homoni zake wodini na miezi 6 baadaye? Sodiamu inaweza kupimwa na majibu yakatoka siku ileile, hata Jumapili? Desmopresini, dawa ya kuzuia mkojo mwingi, ipo kwenye duka la dawa la hospitali, au familia itatumwa mjini kuitafuta usiku? Atalala wapi usiku wa kwanza, na nani atapima mkojo kila saa? Bima yenu inalipia nini kati ya MRI, upasuaji, desmopresini na haidrokotisoni ya kila mwezi? Hospitali inayojibu haya vizuri hapa nchini ni bora kwenu kuliko ya mbali. Hatari kubwa ya sodiamu, tutakayoieleza, huja kati ya siku ya 4 na ya 10, wakati mgonjwa wa safari za nje ameshatolewa wodini na yupo hotelini akihesabu siku za tiketi. Tena haruhusiwi kupanda ndege mpaka daktari wake amruhusu, kwa sababu hewa huweza kubaki ndani ya fuvu.

Wodini saa 48 za kwanza ni za mkojo. Mbali na zile tulizozitaja, pituitari hutoa homoni inayozuia maji yasipotee kwenye figo. Ikiguswa, mgonjwa hukojoa mkojo mweupe na kiu haikatiki. Wauguzi watapima kwa jagi lenye alama. Zaidi ya mililita 300 kwa saa, kwa saa 2 au 3 mfululizo, uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji ukiwa chini ya 1.005 na sodiamu ikipanda kuvuka 145, anahitaji desmopresini. Anywe kadiri ya kiu. Kumnyima maji ili akojoe kidogo ni kumdhuru. Kwa wengi hali hii hupita ndani ya siku chache, kwa wachache hubaki. Na mjue kwamba upungufu wa kotisoli huuficha ugonjwa huu: mumeo anaweza kuanza kukojoa sana siku chache baada ya haidrokotisoni, hata kabla ya kisu. Mwambie daktari, wala msiiache haidrokotisoni kwa sababu hiyo.

Kisha hugeuka. Kati ya siku ya 4 na ya 10 homoni hiyohiyo iliyokuwa imehifadhiwa inaweza kumwagika yote, maji yakabaki mwilini na sodiamu ikaporomoka. Kiwango cha kawaida ni 135 hadi 145. Ikishuka chini ya 125 mtu anaweza kuchanganyikiwa na kupata degedege. Huanza kwa kichefuchefu, kichwa kuuma na usingizi mwingi, na nyumbani hudhaniwa ni uchovu wa upasuaji. Ndugu wema huja na madafu, maji na uji mwepesi, wakimhimiza anywe sana apate nguvu, na hapo ndipo sodiamu inazidi kushuka. Omba fomu ya kupima sodiamu siku ya 7 kabla hujaondoka wodini. Mnaweza kupima Morogoro hospitali ya mkoa na kusoma namba kwa daktari kwa simu. Timu nyingine humwekea mgonjwa mpaka wa lita 1 hadi 1 na nusu kwa siku katika wiki hiyo. Fuateni waliyoandika kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na atakayempikia aisome pia.

Nyumbani, kwa wiki 4 hadi 6, asipenge kamasi hata kidogo. Afute kwa kitambaa tu. Chafya ikija aiachie kwa kinywa wazi. Asinywe kwa mrija. Asinyanyue kitu kizito kuliko kilo 4 au 5, kwa hiyo ndoo ya lita 20 si yake, wala mtoto hambebi. Asiinamishe kichwa chini ya kiuno. Kwa anayeswali, hii inahusu rukuu na sijida: aswali akiwa ameketi kitini kwa wiki hizo, akiashiria kwa kichwa kidogo tu. Choo kigumu ni adui, hasa kwenye choo cha kuchuchumaa. Apewe laktulosi (dawa ya kulainisha choo), papai na mboga, na mtafutie kiti cha choo ikiwezekana. Kusukutua pua kwa maji ya chumvi kunasaidia magamba yatoke, lakini kunaanza siku daktari wa pua aliyotaja, kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Pua itaziba, harufu itapotea kwa muda, hayo yanatarajiwa.

Maji meupe yanayodondoka pua moja akiinama mbele, yenye ladha ya chumvi kooni, hayatarajiwi: huenda ni maji ya ubongo. Yakingwe kwenye kichupa safi na yapelekwe hospitali pamoja na mgonjwa. Kipimo cha uhakika kinatafuta protini ya beta-2 transferini. Kijiti cha kupima sukari hakiaminiki kwa kazi hii, kwa hiyo mtu asiwarudishe nyumbani kwa majibu yake. Yakiambatana na homa na shingo ngumu, ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Haidrokotisoni haitaachwa siku ya kutoka wodini. Dozi ya kawaida ni miligramu 15 hadi 20 kwa siku, kwa mfano 10 akiamka, 5 mchana na 5 alasiri. Akipata homa, dozi huongezwa mara mbili hadi tatu mpaka apone. Akitapika na dawa haikai, anahitaji sindano ya miligramu 100 na kwenda hospitali. Wewe ujifunze kuichoma kwenye paja: unga wa kichupa huyeyushwa kwa maji ya sindano mililita 2. Kichupa kikae mahali pa baridi chini ya nyuzi 25, si kwenye kabini ya lori juani. Pochini aweke kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili kwamba anategemea haidrokotisoni na asiikose hata siku moja. Ramadhani ya kwanza asifunge bila idhini ya daktari wa homoni, na kama bado ana ule ugonjwa wa kukojoa sana, tunamsihi asijaribu. Ruhusa ya mgonjwa ipo, na saa 13 bila maji wala dawa zinaweza kumlaza hospitali.

Wiki ya 6 kotisoli hupimwa tena. Haidrokotisoni ya mchana na alasiri ya siku iliyotangulia huachwa, ya asubuhi humezwa baada ya damu kuchotwa, kwa maelekezo ya daktari. Vinginevyo namba inayosomwa ni ya kidonge. MRI ya kulinganisha hufanyika baada ya miezi 3, kwa kuwa kabla ya hapo mafuta na uvimbe wa kidonda huonekana kama mabaki. Mabaki yakiwepo pembeni, karibu na karotidi, mara nyingi yameachwa kwa makusudi. Huangaliwa kila mwaka, na yakikua yapo matibabu ya mionzi. Kwa Dar hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, ingawa uvimbe wa aina hii kwa kawaida si saratani. Daini ripoti ya maabara ya nyama iliyotolewa, na mtunze CD za picha zote mbili, ya kabla na ya baada. Hizo ndizo atakazohitaji daktari yeyote wa miaka ijayo.

Kuhusu usukani, aache leo, hata pikipiki. Mtu aliyepoteza pande zote mbili za nje anaiona barabara mbele yake vizuri, na ndiyo maana hujiona yuko sawa, lakini haoni baiskeli inayoingia kutoka pembeni. Baada ya upasuaji kuona huweza kuanza kurudi ndani ya siku chache na kuendelea kwa miezi mingi. Upana wa kuona upimwe baada ya miezi 3, na uamuzi wa leseni ya lori utokane na karatasi hiyo ya daktari wa macho, si na yeye kujisikia nafuu. Kwa bosi wake, ombeni barua inayotaja wazi uvimbe unaobana mishipa ya macho na kipimo cha upana wa kuona. Barua inayosema maumivu ya kichwa haitamlinda kazini, na haitafuta ile dhana kwamba alikuwa anaendesha amelewa.